Jibu kwa kijana wa Kilwa Masoko anayesumbuliwa na kitenzi "get"

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi naishi Kilwa Masoko na kazi yangu ni kuongoza wageni wanaokuja kuona magofu ya Kisiwani na Songo Mnara. Kiingereza nilikisoma hadi kidato cha nne. Neno linalonichanganya kuliko yote ni "get". Kamusi yangu inasema ni "pata", lakini wageni wanalitumia kwenye kufika, kuelewa, kuchoka, hata kupanda mashua. Shuleni tulikatazwa kuliandika, tukapewa orodha ya visawe: "obtain", "receive", "acquire", "become", "arrive". Juzi nilimwandikia mgeni "I have obtained your message and we shall acquire a boat". Rafiki yangu aliyewahi kufanya kazi na Waingereza akasoma, akasema naandika kama karani wa mahakama. Kitenzi hiki kina maana ngapi, na visawe vyake nivitumieje? Halafu "gotten" ninayoisikia kwa Wamarekani, ni makosa?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nimefundisha Kiingereza hapa Mtwara kwa miaka mingi, na nakuhakikishia kwamba wengi wamekwama palepale ulipokwama wewe, ila hawakuuliza. Umefanya vizuri kuuliza.

Kuhusu idadi ya maana, acha kuhesabu. Watunzi wa kamusi kubwa ya Oxford walipokipitia upya kitenzi "run" walikigawa katika maana 645, na "get" nayo hujaza kurasa kadhaa za kamusi yoyote kubwa. Hiyo ni kazi ya watu wanaotenganisha kila tofauti ndogo ya matumizi ili isipotee. Mgeni wako kutoka London hatembei na orodha kama hiyo kichwani. Alicho nacho ni mazoea ya kusikiliza neno linalofuata baada ya "get". Likiwa jina la kitu anaelewa jambo moja, likiwa sifa anaelewa lingine, likiwa mahali anaelewa la tatu. "Get" yenyewe ni nyepesi mno. Uzito wake unatoka kwa jirani anayeifuata.

Nawe unafanya hivyo kila siku kwa lugha yako. Mvuvi akikuambia kisu chake hakipati, hudhani kisu kimekosa kitu. Unajua ni butu. Unasema jua limepatwa, watu wapatao mia walifika kwenye mnada wa korosho, bei tumepatana, yamempata makubwa. Hakuna aliyekukalisha darasani akakupa orodha ya maana za "pata". Ulizizoea pamoja na maneno yanayoandamana nazo. Kwa hiyo kila unapoisikia "get", jiulize kimefuata nini.

Nitakaa zaidi kwenye "get" inayofuatwa na sifa, kwa sababu ndiyo inayowasumbua Waswahili kuliko zote, na ndiyo wageni wanayoitumia sana wakiwa safarini: "get tired", "get wet", "get angry", "get old", "get dark". Sisi hapo hatuhitaji msaidizi. Tuna kitenzi kizima kwa kila hali: kuchoka, kulowa, kukasirika, kuzeeka. Mwingereza mkononi ana sifa tu, na sifa haina mwendo. Inaeleza kitu kilivyo, haielezi kinavyogeuka. Akitaka kusema kitu kipo katika hali fulani anatumia "be". Akitaka kusema hali hiyo inaingia, anatumia "get". Kiswahili hubeba tofauti hiyo kwenye kiambishi cha wakati. "Nimechoka" ni "I am tired". "Naanza kuchoka" ni "I am getting tired". Wanafunzi wangu wengi wakiona "-me-" hukimbilia "have", wakaandika "I have tired", kumbe "-me-" ya kuchoka, kulowa na kulewa inataja hali iliyopo sasa, na Mwingereza huitaja kwa "am", "is" na "are".

Hili lina faida ya moja kwa moja katika kazi yako. Mgeni akisema "I'm hot", joto limekwisha kumwelemea, mtafutie kivuli. Akisema "It's getting hot", joto ndiyo linapanda, na maelezo yako ya Msikiti Mkuu unaweza kuyamaliza bila kumchosha. Vivyo hivyo "I'm getting hungry" inakupa muda wa kuzunguka Husuni Kubwa, lile jumba la kifalme la kale. "I'm hungry" inakuambia mrudi. Wageni wengi, hasa Waingereza, wana adabu ya kulalamika kwa kuzunguka, na hiyo "getting" mara nyingi ndiyo onyo pekee utakalopewa.

Kisawe cha hapa ni "become", lakini havibadilishani ovyo. "Become" hukubali jina la kitu nyuma yake, "get" ya kugeuka haikubali. Ukitaka kuwaeleza wageni jinsi Kilwa ilivyotajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari ya kale ya Msumbiji, sema "Kilwa became a rich city". Ukisema "Kilwa got a rich city", umesema Kilwa ilijipatia mji tajiri, na mgeni atakuuliza mji gani. "Kilwa got rich" ni sahihi kabisa kisarufi, ila ina sauti ya barazani; "Kilwa grew rich" inafaa zaidi kwa historia. Tena yapo mabadiliko ambayo Waingereza wameyapa vitenzi vingine kwa mazoea tu. Samaki akiharibika ni "the fish has gone bad", na mtu akipofuka ni "he went blind". Hakuna kanuni ya kukupa hapo. Unayasikia, unayashika.

Ikifuatwa na mahali, "get" ni kufika. "How do we get to Songo Mnara?" "What time do we get there?" Angalia kwamba "to" inakuwepo mbele ya jina la mahali, lakini huipati mbele ya "home", "here" na "there". Maneno hayo matatu yamekwisha kubeba mwelekeo ndani yake, jinsi "nyumbani" ilivyobeba "-ni" yake. "Get to home" ni kosa ninalolisahihisha kila mwaka.

Wewe ulipewa "arrive" kuwa kisawe chake. Ni kweli, ila "arrive" inaona mwisho wa safari tu, wakati "get" inaona na njia yake: taabu, chombo, muda. Ndiyo maana mtu anayeuliza njia hatumii "arrive". Hasemi "How do we arrive to Kisiwani?", na hata angeitumia, haiendi na "to", ni "arrive at the jetty", "arrive in Lindi". Neno lenyewe lina asili ambayo mtu wa pwani ataipenda. Limeingia Kiingereza kutoka Kifaransa, nacho kililirithi kutoka maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya "hadi ukingoni". Kwanza lilikuwa neno la vyombo vya majini: kufikisha chombo ufukoni. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 kwa njia ya bahari, alifika kwa maana ile ya awali kabisa ya "arrive".

Sasa mashua. Hapa nakuomba uwe makini, maana ni sentensi utakazosema kila siku ya kazi. Chombo kikubwa ambacho mtu husimama na kutembea ndani yake, kama basi la Dar es Salaam, meli au ndege, Mwingereza "gets on" na "gets off". Pikipiki na baiskeli nazo ni hivyohivyo, kwa kuwa unakaa juu yake. Chombo kidogo unachoinama kuingia au kukaa moja kwa moja, kama teksi, bajaji, mtumbwi na mashua ndogo, "gets in" na "gets out". Wengi wetu husema "enter the boat". Mgeni ataelewa, lakini "enter" ni ya vyumba na majengo. "Board" (kupanda), "alight" na "disembark" (kushuka) ni maneno sahihi yanayofaa kutangazwa kwenye kipaza sauti bandarini. Ukimwambia mama mzee aliyeshika mkono wako "please board", unamsogeza mbali nawe. Mwambie "Get in here, please, and sit in the middle". Mkifika: "Wait, let me get out first".

Lakini usiliache neno peke yake. "Get out!" bila kitu nyuma yake ni kumfukuza mtu. "Get off!" ni "niachie", na "Get lost!" ni "potelea mbali". Ongeza mahali na neno la upole: "You can get out on this side". Sentensi ikikamilika, ukali unaondoka.

Turudi kwenye "pata" yako ya kamusi. Ni kweli kwamba "get" yenye jina la kitu nyuma yake hukaribiana na "pata": "get a job", "get a letter", "get a visa", "get malaria". Hapo kamusi imekutendea haki. Shida ni kwamba Waswahili tunapata vitu vingi ambavyo Waingereza hawavipati. Sisi hupata ajali. Wao "have an accident". Sisi hupata mtoto; wao "have a baby". Sisi hupata chakula cha mchana. Wao "have lunch". Mwenye duka akipata hasara, kwao "makes a loss", na akipata faida "makes a profit". Ukipata funguo zilizopotea, kwao ni "I've found my keys", maana "I've got my keys" ni "ninazo", hazijawahi kupotea. Ukisema "My brother got an accident" utaeleweka kuanzia Nairobi hadi Mtwara, kwa sababu wote tunaitafsiri "pata" ileile, ila Mwingereza atajua papo hapo kwamba umewaza kwa Kiswahili. Na kupata shida ni "have trouble". Ukiandika "get into trouble" umesema mtu amejitia matatani, pengine na polisi. Tofauti hiyo inaweza kumchafulia mtu jina.

Kuna "pata" moja ya kale na nzuri ambayo inatudanganya zaidi: "sijapata kuona". Hiyo ni "I have never seen". Waingereza wana "get to see", na ukiitazama haraka utadhani ndiyo hiyo, lakini yao ni kubahatika, kupata nafasi. "Did you get to see Husuni Kubwa?" anauliza kama muda na maji viliwaruhusu. Ukijibu "No, we didn't get to see it", umesema mlitaka ila haikuwezekana. Ukijibu "I have never seen it", umesema tangu uzaliwe. Kwa mtu anayelipwa kuongoza wageni huko, majibu hayo mawili yako mbali sana.

Kisha angalia nani anampelekea nani. "Can I get some water?" mgeni anaomba maji. "Can I get you some water?" anajitolea kukuletea wewe. Neno moja, "you", limegeuza mwelekeo wa maji yote. Nawe ukitaka kuwakaribisha, tumia hiyo ya pili, ni ya ukarimu sana: "Can I get you a coconut?" Kisawe chake "fetch" kina maana ya kwenda na kurudi na kitu, na "bring" inaona kurudi tu. Simu ikilia na mtu akasema "I'll get it", anaipokea yeye. Mlango ukigongwa, anaufungua yeye.

Kwenye kuelewa, shika jozi hii. "I didn't catch that" maana yake sikusikia vizuri, na dawa yake ni kurudia polepole. "I don't get it" maana yake maneno nimeyasikia ila sioni mantiki, na dawa yake ni kueleza kwa njia nyingine. Nimeona waongozaji wengi wakirudia sentensi ileile kwa sauti kubwa zaidi kwa mgeni ambaye masikio yake ni mazima. "Got it" ni "nimeelewa", na ni ya wenzako; kwa mzee au kwa mkubwa wa kazi, "I understand" ina heshima zaidi.

Kuna matumizi mawili ambayo Kiswahili huyafanya kwa viambishi na Kiingereza hukodi "get". La kwanza ni kutendesha. "We repaired the boat" mmeitengeneza kwa mikono yenu. "We got the boat repaired" mmeitengenezesha kwa fundi. Kitu kinatangulia, kitenzi kinafuata kikiwa katika umbo la "repaired", "painted", "washed". Mtu akiwekwa hapo, inakuja "to": "I got the captain to wait", nilimshawishi nahodha asubiri. Humo kuna juhudi kidogo, pengine alikuwa hataki. "I made him wait" ni kumlazimisha. "I had him wait" ni kumwagiza mtu ambaye kazi yake ni kukusikiliza. Vitatu hivyo kwa Kiswahili tunaweza kuvisema vyote kwa "nilimsubirisha", na ndiyo sababu wanafunzi huvichanganya. Chagua kwa kuangalia uhusiano wenu: nahodha ambaye si mfanyakazi wako, tumia "get".

La pili ni kutendwa. "My phone got stolen" na "My phone was stolen" zote zinasema simu imeibwa. Ile ya "got" inamwangalia mwenye simu, jambo limemfika. Karibu na "amepatwa na" yetu. Inafaa kwa mazungumzo na kwa mambo yanayowatokea watu: "get paid", "get hurt", "get stuck", "get married". Haifai kwa historia. Waambie wageni "Kilwa was attacked by the Portuguese in 1505" na "the palace was built of coral stone". Ukisema "the palace got built", umeishusha Husuni Kubwa ikawa kibanda kilichomalizwa jana baada ya mafundi kuchelewa.

Zile za "get up", "get over", "get by", "get along", "get through", "get away with" sitaziandikia sana. Usizitafsiri kwa vipande. "Get over malaria" ni kupona malaria, "get by" ni kujikimu, "get along with" ni kuelewana na mtu. Kila moja ichukue kama neno jipya kabisa, liandike pamoja na sentensi uliyolisikia, na usijaribu kukusanya kumi kwa siku moja.

Visawe ndivyo vilivyokuletea maneno ya karani, na hapa historia inasaidia. "Get" ni neno la wageni kama mengi ya kwetu. Waingereza wa kale walikuwa na vitenzi vya ukoo wake, na mabaki yake unayaona katika "forget" na "beget", lakini "get" yenyewe waliipokea kutoka kwa watu wa Skandinavia waliovamia na kuhamia Uingereza; mfalme mmoja wao, Cnut, alitawala Uingereza kuanzia 1016. Watu hao walilima na kuoa huko, na maneno waliyoyaacha ni ya maisha ya kawaida: "take", "egg", "knife", "window", "they". Kisha mwaka 1066 wakaingia Wanormani kutoka Ufaransa. Hao walikuja kutawala. Kifaransa chao kikawa lugha ya jumba la mfalme na ya mahakama kwa vizazi vingi, na "obtain", "receive", "acquire", "procure" na "purchase" vimepita kwao, vikiwa na mizizi ya Kilatini. Rafiki yako aliyesikia mahakama katika barua yako alisikia vizuri kuliko alivyojua.

Na sisi tuna tabaka kama hizo. "Fika" ni ya Kibantu, "wasili" ni ya Kiarabu. "Elewa" ni ya Kibantu, "fahamu" ni ya Kiarabu. Kwenye uwanja wa ndege inatangazwa kwamba ndege imewasili, na ni sawa kabisa. Lakini ukitoka Kisiwani jioni ukaingia kwa mama yako, humwambii "nimewasili". Hakuna kosa la sarufi hapo, ila umemgeuzia nyumba kuwa ofisi. Mwingereza anayeambiwa "I have obtained your message" anahisi jambo hilohilo.

Zaidi ya uzito wa sauti, kila kisawe kina mpaka wake. "Receive" ni ya kitu ambacho mwingine amekituma au amekutolea, wewe hukufanya kazi yoyote: barua, zawadi, malalamiko. Ujumbe wa mgeni ulipaswa kuwa hapo. "Obtain" ni ya kitu ulichokihangaikia kwa utaratibu, na kibali cha kuingia kwenye magofu ndicho mfano mzuri: "You need to obtain a permit". "Acquire" ni ya umiliki, au ya kitu kinachoingia kidogokidogo kama ujuzi na lugha. Ulipoandika "we shall acquire a boat" ulimwambia mgeni kwamba mtanunua mashua, na yeye ana haki ya kujiuliza kama anatakiwa kuchangia. "Procure" iache kwa watu wa zabuni. Halafu kuna vile ambavyo orodha yako ya shule haikuvitaja, na mimi navipenda zaidi kwa sababu ni vifupi na vinaona mbali: "earn", kupata kwa jasho, "win", kupata kwa kushindana, "find", kupata kilichotafutwa, "catch", kupata samaki, mafua au basi. Mkulima wa Tandahimba "earns" fedha za korosho zake. Ukisema "receives" si uongo, lakini umezificha siku alizoinama kuokota.

Walimu wako hawakukosea kuwakataza, wala sitaki uwafikirie vibaya. Insha ya kidato cha nne yenye "get" kila mstari inaonyesha mwanafunzi ana kitenzi kimoja, na katazo lilikuwa la kumlazimisha atafute vingine. Tatizo ni kwamba katazo lilidumu, sababu ikasahaulika. Katika barua kwa mgeni, chagua kitenzi chenye maana unayoitaka, kiwe kirefu au kifupi, na "get" iingie pale ambapo mtu anayeongea vizuri angeitumia. Barua yako ningeiandika hivi: "Thank you, I have received your message. I will find us a good boat. If we leave early we should get to the island by eight, before it gets too hot". Zimo "get" mbili, kila moja ikifanya kazi yake, ya kufika na ya kugeuka. "Receive" ipo kwa ujumbe, "find" ipo kwa mashua. Hakuna mwalimu mwenye haki ya kuipigia msitari mwekundu. Na ukiandika "eight", usisahau kwamba ni saa mbili yetu ya asubuhi. Hilo nimeona likiwatenganisha mwongozaji na wageni wake kwa saa sita nzima.

Mwisho "gotten". Si makosa. Ni umbo la zamani la Kiingereza chenyewe, lililovuka bahari na wahamiaji wa karne ya 17 kwenda Marekani na kuendelea kuishi huko, wakati Uingereza lilififia. Hata Mwingereza asiyelitumia bado analo ndani ya "forgotten" na "ill-gotten", mali ya haramu. Mmarekani analitumia kwa mpango: "I've got a boat" kwake ni "ninayo mashua", na "I've gotten a boat" ni "nimefanikiwa kuipata". Mwingereza husema "I've got" kwa yote mawili, na unatambua kwa kuangalia mazungumzo yanakoelekea. Shule zetu zinafuata Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo kwenye mtihani au maombi ya kazi andika "got". Wageni wa Marekani usiwasahihishe. Wakikuandikia "We've gotten a boat already", wameshapata mashua yao, usiwatafutie nyingine.